Mashanza Juu ya Marumaru

Mtu wa kwanza kuniambia kwamba jiwe linatoka jasho nilimcheka. Nilizaliwa kwenye milima ya Masisi, nikakulia Mugunga juu ya mawe meusi ya volkano yanayotoboa viatu, na katika maisha yangu yote sikuwahi kukutana na jiwe lenye tabia hiyo. Kisha nikapata kazi ya kutunza marumaru katika nyumba za Himbi, mtaa wa Goma, zile zinazotazama ziwa. Asubuhi ya kwanza baada ya mvua niliingia katika sebule ya watu nikiwa na ndoo mkononi, nikateleza, nikasafiri kwa makalio kutoka mlango wa jikoni hadi chini ya televisheni. Jiwe lilikuwa limetoka jasho kweli kweli. Nililiomba msamaha nikiwa bado nimelala pale pale.

Tangu siku hiyo nikawa mwendawazimu wa marumaru. Sisemi kwa majivuno, ingawa majivuno kidogo yapo.

Marumaru inaonekana ngumu, lakini ni jiwe la kudekezwa. Unyevu wa ziwa unaingia kwenye maungio na kuyageuza meusi. Kiti cha chuma kikisahauliwa mahali pamoja wiki moja tu kinaacha duara la kutu. Vumbi la volkano, lile linaloingia na viatu vya kila mgeni wa Goma, linakwaruza kama msasa. Lakini adui mkubwa kuliko wote ni uchachu, na hapo ndipo sisi watu wa huku tunapokuwa hatari. Kwetu kila mama anajua kwamba ndimu inasafisha: inasafisha masufuria, inasafisha samaki, inasafisha mikono. Mtu akiona doa kwenye marumaru anakimbilia ndimu, na juu ya ndimu anaongeza lile jiwe jepesi la volkano tunalosugulia visigino.

Nasema hivi kwa sababu nilifanya hivyo mwenyewe. Mwezi wangu wa kwanza kazini nilisugua ukingo wa dirisha la watu kana kwamba ni kisigino cha bibi harusi. Povu dogo likatoka, nikafurahi, nikaimba, nikidhani ni uchafu unaochemka. Kumbe ni jiwe lenyewe lilikuwa linaondoka. Nilipopangusa, palibaki baka lisilo na mng'aro, kama jicho la mtu mwenye usingizi, na ilinichukua siku nne kulirudisha katika hali yake. Baada ya hapo ndimu niliiacha kwa samaki.

Nyumba niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya muzee mmoja kutoka Rutshuru, mfanyabiashara wa maharagwe, mtu mpana mwenye sauti ya kuita magari. Alikuwa ameweka marumaru nyeupe sebule nzima, jiwe lililosafiri mbali kuliko mimi. Watu walipomuuliza kwa nini kuhangaika hivyo katika mji ambao mawe ni ya bure kila mahali, alijibu jibu moja tu: "Nilizaliwa juu ya jiwe nyeusi. Nitakufa juu ya jiwe nyeupe." Mimi nilikuwa naenda kila Jumamosi kulipangusa kwa maji safi na sabuni isiyo kali, kulikausha, na kutoa maagizo ambayo hakuna aliyeyafuata.

Agizo kubwa lilikuwa kuhusu madirisha. Jioni, ukungu unapopanda kutoka ziwani, madirisha ya upande wa maji yafungwe. Jua likishapanda na hewa ikikauka, yafunguliwe pande zote mbili ili upepo upite. Ni rahisi, mtoto mdogo anaweza kushika. Lakini katika nyumba ile, na katika nyumba ile peke yake, sakafu ilikuwa inalowa hata wiki zisizo na mvua. Walikuwa wananipigia simu Jumanne. Walikuwa wananipigia simu Alhamisi. Nilikuwa nakuja mbio, napangusa, nakausha, nakuna kichwa, nalaumu saruji, nalaumu bomba, siku moja nikalaumu hata mlima.

Binti wa muzee ndiye aliyekuwa ananifungulia mlango kila mara. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye mdomo mwepesi na macho yaliyokuwa yanakucheka kabla ya mdomo. Alikuwa anakaa kwenye ngazi na madaftari ya wanafunzi wake, akisahihisha, na kuniuliza maswali kuhusu jiwe. Mimi mjinga nilikuwa najibu yote kwa kirefu. Nilimweleza kuhusu maungio. Nilimweleza kuhusu aina za torsho, yaani vitambaa vya kupangusia, na kwamba bora kuliko vyote ni nepi za pamba zilizofuliwa mpaka zikachoka. Mwanaume anayetaka kumvutia msichana kwa habari za nepi anahitaji kuombewa. Hata hivyo aliendelea kuuliza.

Miezi sita ilipita hivyo. Ndipo Jumatano moja nikafika bila kuitwa, kwa sababu nilikuwa nimesahau ndoo, na ilikuwa karibu na magharibi. Nikamkuta anazunguka sebuleni na kufungua madirisha ya upande wa ziwa, moja baada ya jingine, mpaka mwisho, huku ukungu ukiingia kama mgeni aliyekaribishwa.

"Kumbe njo weye unafunguaka?" nilimuuliza.

Hakushtuka hata kidogo. "Sasa ningefanya namna gani?" alisema. "Sakafu ikikauka, haukuyake." Yaani siji.

Nilirudi Mugunga kwa miguu usiku ule, njia yote ya Sake, na mabasi yote yalikuwepo. Sikukumbuka kupanda. Nilikuwa nasalimia watu nisiowajua. Nilimsalimia hata askari wa kizuizi, naye akanitazama kwa wasiwasi akidhani nimelewa. Nilikuwa nimelewa, ndiyo, lakini si kwa pombe.

Basi tukakubaliana tuoane, na kukubaliana sisi wawili ilikuwa sehemu rahisi. Mama yake alifurahi, alikuwa ameyajua ya madirisha tangu zamani. Lakini baba yake alipoambiwa alisema maneno ambayo binti aliniletea kama yalivyo, bila kuyapunguza.

"Ule kijana wa pavema? Ni mufanyakazi muzuri, siwezi kudanganya. Lakini mukwe yangu hatapigaka magoti mu nyumba za batu. Bakuye na bazee babo. Nitamuona akiwa ameikala juu ya kiti, kama mwanaume. Siku ya dot nikimuona chini, tumemaliza."

Pavema ni sakafu, dot ni sherehe ya mahari, na chini ndiko nilikokuwa napata mkate wangu. Sikukasirika. Muzee alikuwa ameanza maisha kwa kubeba magunia mgongoni, na alikuwa ameapa kwamba hakuna mtoto wake atakayeinamia mtu. Nilimwelewa. Lakini niliogopa, maana nilijijua.

Siku tatu kabla ya dot, muzee akiwa safarini kununua maharagwe, mama mkwe mtarajiwa aliniita kwa siri. Mvua ilikuwa inanyesha kila siku, sakafu ilikuwa imechafuka, na wageni sitini walikuwa njiani. Nadhani mimi ndiye bwana harusi wa kwanza katika Kivu nzima kusugua sakafu ya dot yake mwenyewe. Nilifanya kazi siku mbili huku mama akiniletea chai na mandazi na kunisifu kama mgeni, nami nikiwa na povu mpaka kwenye viwiko. Binti yake alikuwa akipita na kuniambia nimeacha sehemu. Sikuwa nimeacha. Nilipangusa tena. Mwishowe jiwe liling'aa mpaka ukaweza kuhesabu taa za dari ukitazama chini, na mimi nikatoroka kwa mlango wa nyuma kabla muzee hajarudi.

Siku yenyewe nilivaa kostimi nyeusi na shati jeupe. Baba yangu mkubwa, aliyenilea, alikuwa ameshuka kutoka Masisi na wazee wengine, na ndiye aliyekuwa msemaji wetu. Kwetu mwenye kuoa hasemi siku ya dot. Anakaa, anainamisha uso kidogo, anasemewa. Baba mkubwa alinishika kola mbele ya geti akanipa sheria yangu.

"Leo hata nyumba ikiwaka moto, weye ni picha tu. Picha haisemake. Picha haisimamake. Na usiangalie ile pavema! Angalia ukuta."

Nikaingia nikitazama ukuta. Ukuta ulikuwa mbaya, lakini niliutazama.

Mwanzo ulikuwa na furaha mpaka kuumiza mbavu. Muzee alikuwa ametoa amri kwamba viatu vivuliwe mlangoni. Wazee wetu wa Masisi wakasema wao hawawezi kuingia kwa wakwe miguu mitupu kama watu wanaokwenda kuoga. Wasemaji wa pande zote mbili walibishana robo saa. Mwishowe wanawake wakaleta soksi kubwa za sufu, na wazee wakazivaa juu ya viatu, wakaingia kwa mstari wakinyata kama kuku kwenye matope. Nilijiuma ulimi nisicheke. Shangazi yangu, aliyekuwa amekaa kando yangu ili kunichunga, alicheka kwa niaba yetu wote.

Kisha ikaja zawadi ya kwanza. Ilikuwa kibuyu cha mashanza, maziwa yaliyoganda na kuchacha, kutoka kwa ng'ombe wa baba mkubwa mwenyewe. Kilikuwa kimesafiri siku nzima, na yeyote anayejua mashanza ya Masisi anajua kwamba siku nzima njiani inayaongezea ukali. Desturi ni kwamba baba wa binti anapokea kwa mikono miwili, anaonja, na hapo mazungumzo yanafunguka. Muzee alisimama, mpana, mwenye furaha, akapokea. Akainua. Kibuyu kilikuwa kimelowa nje kwa unyevu wa siku ile. Kikazunguka mikononi mwake kama samaki, na karibu nusu ya mashanza ikatua juu ya marumaru, kati ya miguu yake na miguu ya baba mkubwa.

Hakuna aliyeona.

Naomba nieleweke hapa. Watu sitini walikuwa wanatazama, na hakuna aliyeona, kwa sababu mkubwa akiangusha kitu mbele ya wakwe zake, adabu inasema hakikuanguka. Macho yote yalipanda darini kwa pamoja. Wazee wa Rutshuru walitazama taa. Wazee wa Masisi walitazama taa. Muzee mwenyewe akaonja kilichobaki, akasema ni tamu, akaketi, na baba mkubwa akaanza hotuba ndefu kuhusu ng'ombe, bila kukohoa hata mara moja. Ilikuwa adabu nzuri kuliko zote nilizowahi kuona, na chini yake uchachu ulikuwa unakula jiwe.

Nilitazama ukuta. Nikahesabu moyoni mpaka sitini, nikaanza upya. Nilijua kinachotokea kule chini kama daktari anavyojua. Mng'aro unakwenda kwanza, halafu ngozi ya jiwe, halafu yanabaki mabaka ambayo yule muzee, ambaye alitaka kufia juu ya jiwe jeupe, angeyakanyaga kila asubuhi ya maisha yake akikumbuka siku aliyomtoa binti yake. Nikasogeza mguu mmoja. Shangazi akanifinya paja.

"Ikala," alinong'ona. "Haukuona kitu."

"Shangazi, inakula."

"Wacha ikule!"

Niliwaza juu ya yule aliyekuwa amefichwa chumbani na wanawake, akisubiri kuitwa. Niliwaza maneno ya baba yake, neno kwa neno. Nilimpenda sana. Nikajiambia: maji yakimwagika hayazoleki, kaa. Lakini haya hayakuwa maji, na yalikuwa yanazoleka bado kama mtu angefanya haraka.

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka tu baridi ya jiwe kwenye magoti.

Baba mkubwa alinyamaza katikati ya ng'ombe. Nilichomoa kitambaa cha mfukoni, kikalowa mara moja, hakikufaa kitu. Kostimi ilikuwa na rangi ambayo ingechuja. Tai ilikuwa nyekundu, Mungu apishe mbali. Nikavua koti na kuanza kufungua vifungo vya shati, maana lilikuwa pamba nyeupe safi, na nilikuwa nimefika cha tatu wakati mlango wa kwenda vyumbani ulipofunguka kiasi cha kiganja. Mkono ukatoka. Ulikuwa na bangili zote za bibi harusi. Ukarusha furushi la nepi kuukuu, ukarudi, ukatoka tena na chupa ya maji safi, ukaisukuma ikateleza juu ya marumaru mpaka kwangu, mlango ukafungwa. Macho yote yakapanda tena darini, maana bibi harusi naye hakuwa ameonekana.

Nikafyonza, sikusambaza. Nikatoka pembeni kwenda katikati. Mashanza mengine yalikuwa yameingia chini ya unyayo wa muzee, naye alikuwa amekaa kama mlima, hatazami popote.

"Papa," nilisema, "nyanyua muguu."

Akanyanyua. Ndivyo alivyokuwa anafanya kila nilipofika kwenye kiti chake na torsho. Aliunyanyua bila kufikiri, mbele ya koo mbili, akabaki hivyo, mguu hewani. Mama mkwe alikuwa wa kwanza kuangua kicheko. Baada yake wanawake wote, baada yao wazee wa soksi, mpaka shangazi yangu akateremka kwenye kiti. Baba mkubwa alikuwa anapiga kelele juu ya vicheko: "Bakwe, mutusamehe! Mutoto yetu amelogwa na hii jiwe!" Msemaji wa upande wa pili akajibu kwamba picha imesema, sheria imevunjwa, na lazima ng'ombe mmoja aongezwe kwanza ndipo waendelee. Baba mkubwa akasema hata mkia hautaongezwa. Wakaanza kubishana upya, kwa raha.

Muzee peke yake hakucheka. Mimi nilimimina maji, nikapangusa, nikakausha. Niliendelea kukausha mahali palipokwisha kukauka. Sikutaka kuinua uso na kusikia neno lake.

Kisha nikasikia kiti kinalia. Muzee alikuwa anashuka. Mtu mpana vile, mwenye magoti ya magunia ya miaka mingi, akaweka mkono mmoja chini, halafu goti moja, halafu la pili, juu ya nepi zilizolowa mashanza, akahema. Akainama karibu nami.

"Imebakisha alama?"

"Kama ukucha wa kidole, papa. Weka shavu chini, uangalie kwa dirisha. Mwangaza wa ziwa njo unaonyeshaka."

Akaweka shavu juu ya marumaru. Nami nikaweka langu upande wa pili, na tukawa tumelala pale tukitazamana kando ya alama ndogo iliyofifia, huku watu juu yetu wamefika kwenye ng'ombe wa nane.

"Minaona," alisema polepole. "Na bote balikuwa banaangalia plafo."

"Bote, papa."

"Hata bandugu zangu. Ulijua nilisema nini juu ya kupiga magoti?"

"Nilijua, papa."

"Ulijua unaweza kumukosa?"

"Nilijua. Niko naogopa mupaka sasa."

Alinitazama kwa jicho lile moja lililokuwa juu, muda mrefu. Pumzi yake ilikuwa inaweka ukungu kwenye jiwe, na ukungu ulikuwa unafutika. Nilitamani kuupangusa, nikajizuia. Kisha akajaribu kuinuka akashindwa, akajaribu tena, magoti yakakataa. Akaninyooshea mkono.

"Nisaidie kusimama, mukwe," alisema.

Nilimshika kwa mikono yote miwili tukasimama pamoja, yeye akiwa na mashanza kwenye magoti ya suruali yake.